Maswali ya Wasomaji: Kikombe cha sake na mkono uliokifinyanga

Katika toleo lililopita niligusia ufinyanzi uitwao Bizen, unaofanyika Imbe, mji mdogo katika Mkoa wa Okayama nchini Japani, ambako niliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya mzee mmoja mfinyanzi. Barua zilizofuata karibu zote zimeuliza juu ya kitu kimoja: kile kikombe kidogo cha kunywea sake, divai ya mchele ya Wajapani. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Swali: Shikamoo mwalimu. Rafiki yangu aliyesoma Japani ameniletea vikombe viwili vya sake ndani ya kisanduku kimoja cha mbao. Anasema ni kazi ya mfinyanzi mmoja wa Bizen, lakini havifanani hata kidogo. Kimoja ni cha kahawia iliyokolea, upande mmoja umenyunyiziwa punje za manjano na wa pili umebaki mwekundu mtupu. Kingine kimepauka na kina mistari myekundu iliyopita ovyo. Vyote viwili havina mng'ao, vinakwaruza mkono, na midomo yake imepinda kidogo. Kweli ni vya fundi mmoja? Au aliuziwa vilivyokataliwa dukani?

Marahaba, mwanangu. Vitunze, havijakataliwa na mtu. Na kwa jinsi ulivyovieleza, vinaweza kabisa kuwa vya mkono mmoja, udongo mmoja na hata moto mmoja. Kilichovitenganisha ni mahali vilipokaa tanurini.

Vyombo vya Bizen havipakwi ule utando wa kioo unaoifanya sahani ing'ae. Udongo wake bora, uitwao hiyose, huchimbwa chini ya majaruba ya mpunga. Ni udongo laini wenye madini mengi ya chuma, na husinyaa sana unapokauka na kuchomwa, kwa hiyo hauvumilii moto wa pupa. Mafundi huuacha ukae miaka kabla ya kuufinyanga. Wakishafinyanga, wanachoma taratibu kwa kuni za msonobari mwekundu, usiku na mchana, kwa siku 10 hadi 14, mpaka joto lipite nyuzi 1,200 za Selsiasi. Moto ukizimwa tanuri halifunguliwi, linaachwa lipoe lenyewe kwa siku kadhaa. Ndiyo maana karakana nyingi huchoma mara moja au mbili tu kwa mwaka.

Sasa chukua kile cha kahawia. Kuni zinapoungua, majivu yanarushwa na upepo wa moto, yanatua kwenye ubavu wa chombo unaotazama kuni, na joto likizidi yanayeyuka na kugandia palepale. Hizo punje za manjano, ambazo wenyewe huziita goma, yaani ufuta, ni majivu ya msonobari. Ule upande mwekundu mtupu ulikuwa umeupa moto mgongo, au ulikingwa na chombo kingine. Kishike mkononi hivi sasa na utajua moto ulikuwa unatokea wapi.

Cha pili kilifichwa. Fundi alikizungushia mabua ya mpunga, akakitia ndani ya chombo kikubwa zaidi ili majivu yasikifikie. Palipoguswa na bua, potasiamu iliyomo kwenye bua ilikutana na chuma cha udongo ikaacha mstari mwekundu. Pasipoguswa, udongo ukabaki na rangi yake iliyopauka. Mtindo huo unaitwa hidasuki. Hapo zamani mabua yaliwekwa tu ili vyombo vilivyopangwa pamoja visishikane. Baadaye watu wakaipenda ile mistari, na wafinyanzi wakaanza kuitafuta kwa makusudi.

Watu hudhani mfinyanzi wa Bizen anauachia moto kila kitu. Sivyo. Mzee niliyemfanyia kazi alitumia muda mwingi kupanga tanuri kuliko kukaa kwenye gurudumu. Aliingia ndani kwa magoti, akaweka kikombe, akakigeuza kidogo kulia, akarudi nyuma kukitazama, akakigeuza tena. Vikombe vya sake aliviacha mwisho, akavipachika kwenye mianya kati ya mitungi mikubwa. Alikuwa akiijua mianya hiyo mmoja mmoja: huu kikombe kitafukiwa na makaa, kitakosa hewa na kutoka kijivu chenye ubuluu, ule kitapigwa na majivu usoni, pale juu kitabaki kikavu. Asichoweza kuamua ni kipimo, yaani majivu na moto vitakigusa kikombe kwa kiasi gani. Hilo la kipimo ndilo lililomnyima usingizi kila tulipokaribia kufungua.

Na huo mdomo uliopinda, ameupinda mwenyewe. Kikombe kikiwa bado kibichi kwenye gurudumu, fundi hupitisha ukingoni kipande cha ngozi laini kilicholoweshwa ili midomo ya mnywaji isikwaruzwe. Kisha mzee wangu alikuwa akibonyeza ukingo kidogo sana kwa kidole cha shahada kabla ya kukikata kikombe kwa uzi. Kigusishe mdomoni mwako, ukizungushe polepole. Utafika mahali ambapo mdomo wa chini unatulia. Hapo ndipo pa kunywea.

Mkwaruzo wa mkononi utapungua kwa kutumiwa. Kikichubua meza, sugua kitako chake kwa msasa laini, taratibu. Na kabla ya kunywea, kichovye kwenye maji safi kwanza: rangi za udongo zinafunguka, na doa halishiki kwa urahisi.

Swali: Chini ya kikombe changu cha Bizen kuna alama ndogo iliyochongwa, na kifuniko cha kisanduku kina maandishi ya wino na muhuri mwekundu. Nitamjuaje aliyekitengeneza? Na nimesikia kuna wafinyanzi wanaoitwa Hazina Hai ya Taifa. Kikombe changu kinaweza kuwa cha mmoja wao?

Kisanduku hicho kwa kawaida ni cha mti wa kiri, mbao nyepesi isiyoruhusu unyevu kupita ovyo. Juu ya kifuniko fundi huandika kwa brashi aina ya chombo, mathalani Bizen, na umbo lake, guinomi, ambalo ndilo jina la kikombe cha sake kilicho kikubwa kidogo. Kisha anaandika jina lake na kugonga muhuri. Kisanduku kilichoandikwa na aliyefinyanga chombo huitwa tomobako, na bei ya chombo hushuka kisanduku hicho kikipotea. Mtu yeyote anayesoma Kijapani atakusomea jina. Ile alama ya chini ni yake pia. Desturi hiyo ina mizizi mirefu Imbe: zamani familia nyingi zilichoma pamoja katika matanuri makubwa ya ushirika, moja likiwa na urefu wa karibu meta 54, na bila alama vyombo vya huyu vingechanganyika na vya yule.

Lakini usikiamini kisanduku kuliko kikombe. Kisanduku kinaweza kubadilishwa. Tena wapo wakubwa walioacha kutia alama kwenye kazi zao: Hamada Shoji wa Mashiko na Kawai Kanjiro wa Kyoto, wote wawili walifika mahali wakaacha kusaini vyombo vyao.

Hazina Hai ya Taifa ni jina la mitaani la watu wanaotambuliwa na serikali kuwa wabebaji wa ufundi muhimu. Sheria ya kulinda mali za utamaduni ilitungwa mwaka 1950, ikarekebishwa mwaka 1954, na wa kwanza walitajwa mwaka 1955. Kila mmoja hupewa yeni milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze kazi na kufundisha. Kwa ufinyanzi wa Bizen wametajwa Kaneshige Toyo (1956), Fujiwara Kei (1970), Yamamoto Toshu (1987), Fujiwara Yu ambaye ni mwana wa Kei (1996), na Isezaki Jun (2004). Kawai Kanjiro alitakiwa kupewa heshima hiyo akaikataa, na kazi zake hazikushuka hadhi hata chembe.

Kama kikombe chako ni cha mmoja wa hao, aliyekupa au aliyekuuzia angekuwa ameshakuambia, maana bei yake ni kubwa. Mimi ningekushauri uache kutafuta jina kubwa. Imbe ina mamia ya wafinyanzi, na vikombe bora nilivyowahi kushika vingine ni vya watu ambao majina yao hayavuki mpaka wa mkoa.

Swali: Kwa nini vikombe hivi ni vidogo namna hii?

Kwa sababu havijazwi mara moja. Sake huwa kwenye chupa ya udongo iitwayo tokkuri, ambayo mara nyingi hubeba mililita 180, na adabu ya mezani ni kummiminia mwenzako, naye akumiminie wewe. Kikombe kidogo kinafanya watu waendelee kutazamana. Tena sake ina alkoholi ya asilimia 15 au 16. Vipo vikubwa: wapimaji wa viwandani hutumia kikombe cheupe cha kaure chenye duara mbili za buluu chini, ili waone kama sake imetulia au ina ukungu. Hicho ni chombo cha kazi.

Swali: Uliandika kwamba mjuzi hupindua kikombe kabla ya kuuliza bei. Kitako kina nini cha kutazamwa?

Nimefurahi sana kuulizwa hili. Mdomo wa kikombe fundi anautengeneza kwa ajili yako. Kitako anakitengeneza akiwa peke yake, kikombe kimeshakauka nusu, kimepinduliwa kifudifudi juu ya gurudumu, naye ana kisu cha mbao au chuma mkononi. Mikato ni michache. Mwenye hofu hukata na kukata tena, na kitako chake kinatoka kimenyooka lakini hakina uhai. Mwenye mkono uliozoea huingiza kisu, akakizungusha, akatoka. Ule mkato mmoja unaonekana mpaka leo, na mahali kisu kiliponyanyuliwa panaonekana.

Vyombo vya Karatsu, katika Mkoa wa Saga, ni darasa zuri. Udongo wake una mchanga, na kisu kikipita unachanika mikunjomikunjo midogo kama kitambaa cha krepu. Mara nyingi kitako hakiko katikati sawasawa, upande mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, duara ikatokea kama mwezi mwandamo. Wapenzi wa sake wana msemo wao wa siku nyingi: tokkuri iwe ya Bizen, kikombe kiwe cha Karatsu. Mimi niliyeishi Imbe nakubali nusu ya pili bila kinyongo. Kikombe cha Karatsu chenye utando wa majivu ya mabua, ule mweupe wenye mawingu ya buluu, hakuna kinachokishinda kwa kuonyesha sake iliyomo. Kwa upande wa Hagi, Mkoa wa Yamaguchi, utakuta kitako kimekatwa pengo. Tazama pengo hilo, ni alama ya ukoo wao. Karatsu na Hagi zote zinadaiwa na wafinyanzi wa Korea walioletwa Japani wakati wa vita vya 1592 hadi 1598, na wengi wao hawakuja kwa hiari.

Sasa nikueleze kitako kilichobadilisha historia. Mwaka 1930 mfinyanzi Arakawa Toyozo alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mfinyanzi mwenzake, Kitaoji Rosanjin, huko Kamakura. Wakiwa Nagoya kwa maonyesho, walipata nafasi ya kulitazama bakuli la zamani la chai la aina ya Shino: jeupe zito, limechorwa machipukizi ya mwanzi. Shino ni ufinyanzi wa mwishoni mwa karne ya 16, na siku hizo wataalamu wote waliamini ulifanyika mji wa Seto. Arakawa akalipindua bakuli. Ndani ya kitako kulikuwa kumegandia kipunje cha udongo mwekundu, kilichotoka kwenye kikalio kilichobeba bakuli tanurini. Akaona udongo ule si wa Seto.

Alikuwa anavikumbuka vilima vya Okaya, upande wa Mino, Mkoa wa Gifu. Siku mbili baadaye akapanda huko, mahali paitwapo Mutabora, penye mabaki ya tanuri la kale, akaanza kufukua. Akapata kigae cha Shino chenye chipukizi la mwanzi. Elimu yote ya vitabuni juu ya Shino ikabidi iandikwe upya, kwa sababu mtu mmoja alitazama chini ya bakuli. Mwaka 1933 alijenga tanuri la mtindo wa kale bondeni hukohuko, akahangaika miaka mpaka akaupata tena ule weupe wa felispa, madini ya mawe yanayoyeyuka kuwa utando, wenye wekundu unaochungulia kwa ndani. Mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutajwa Hazina Hai. Vikombe vya sake vya Shino vinavyofinyangwa Mino leo vinatokana na kazi ile.

Kwa hiyo pindua kikombe. Lakini kwa mikono miwili, viwiko vimeshuka, karibu na meza, na baada ya kuomba ruhusa.

Swali: Nilinunua kikombe cha Hagi kwa yeni elfu sita. Nikikijaza, baada ya muda meza inalowa. Muuzaji amenidanganya?

Hapana, dada. Udongo wa Hagi huchomwa kwa moto mpole kuliko wa Bizen na unabaki na vinyweleo. Utando wake wa juu una nyufa nyembamba kama nywele. Kinywaji kinapenya, na kadiri unavyotumia, nyufa zinashika rangi na zinaziba. Wajapani wanasifu vyombo vya Hagi kwa kubadilika rangi mara saba mikononi mwa mwenyewe, na walevi wa chai wanasubiri mabadiliko hayo kwa hamu.

Kama kinavuja kiasi cha kukukera, fanya hivi. Chukua maji meupe yaliyooshea mchele, yatie sufuriani pamoja na kikombe yakiwa bado baridi, weka moto mdogo, yachemke taratibu kwa muda wa robo saa hivi, halafu zima na uache kipoe humohumo. Wanga utaingia kwenye vinyweleo. Kisuuze, kianike mpaka kikauke kabisa. Usikitoe kwenye moto ukakitia kwenye maji baridi, kitapasuka.

Baada ya hapo, kila siku: maji ya uvuguvugu, sifongo laini, kiasi kidogo sana cha sabuni au usitie kabisa. Mashine ya kuosha vyombo na maikrowevu, hapana. Na usikirudishe kisandukuni siku hiyohiyo. Kinaonekana kikavu nje kumbe kitako kina unyevu, na ukungu wa kisandukuni ni shida kuutoa. Mzee wangu aliwaambia wateja waache siku mbili au tatu mahali penye hewa, na sikuwahi kumsikia akilegeza sharti hilo.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu na sinywi kileo, lakini vikombe hivi nimevipenda mno. Naweza kuwa nacho kimoja?

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hukumu ya dini muulize shehe unayemwamini. Ninachoweza kukuambia ni juu ya udongo. Kikombe kipya kutoka karakana hakijawahi kuguswa na kileo. Kilichotumika ni habari nyingine, kwa sababu udongo wenye vinyweleo hunyonya, kwa hiyo nunua kipya na muulize muuzaji waziwazi.

Matumizi yapo tele hukohuko Japani. Chai ya gyokuro, ambayo majani yake hufunikwa yasipigwe na jua wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, hutengenezwa kwa maji ya nyuzi kama 60 tu na hunywewa kidogokidogo katika vikombe vya ukubwa huohuo. Jaribu gyokuro kwenye Bizen. Mikahawa nayo hupakua vitafunio katika guinomi, kijiko kimoja cha mboga za chumvi au samaki, na mfinyanzi akiona kikombe chake kimetumiwa hivyo haoni vibaya hata kidogo.

Swali: Nitapita Okayama mwezi wa kumi. Ninunulie wapi, na niandae kiasi gani?

Umechagua mwezi wenyewe. Kwa kawaida wikiendi ya tatu ya Oktoba Imbe hufanya tamasha la vyombo vya Bizen, na barabara kuanzia stesheni hujaa meza za wafinyanzi wanaouza kwa bei iliyopunguzwa. Panda treni ya njia ya Ako, shuka stesheni ya Imbe. Fika asubuhi. Ukipata nafasi, pitia hekalu la Amatsu, lango na ukuta wake vina vigae na sanamu za Bizen zilizotolewa na wafinyanzi wenyewe.

Kwa kikombe cha kijana anayeanza, yeni elfu chache zinatosha. Kwa fundi aliyejijengea jina, andaa makumi ya maelfu. Vua pete na saa kabla ya kushika chochote, usiweke begi mgongoni unapopita kati ya meza, na ukipenda kikombe muulize aliyekifinyanga kilikaa sehemu gani ya tanuri. Wanapenda sana kuulizwa hivyo, na hata kama hujui Kijapani, kuelekeza kidole kwenye zile punje za majivu kunatosha kuanzisha mazungumzo.